Tupeane uzoefu: zawadi uliyotengeneza kwa mikono yako kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya

Dada wa Tabata

Habari za jioni wapendwa. Novemba ndiyo hii imeingia, joto limeshashika mji, maembe dodo yameanza kujaa kwenye mikokoteni. Nafungua mada mapema kwa sababu zawadi ya kutengeneza haisubiri tarehe 23 Desemba.

Naanza na yangu. Mwaka juzi mume wangu alikuwa hana kazi tangu Septemba, na kila shilingi niliyoishika ilikuwa tayari ni ya ada ya Januari. Kwetu sikukuu tunakutana wote kwa mama mkwe, Kimara, watu si chini ya kumi na tano, na mkwe hafiki pale mikono mitupu. Jambo hilo lilininyima usingizi siku tatu. Siku ya nne nikapita kwa fundi cherehani kuchukua sare ya mtoto, nikaona chini ya meza yake rundo la vipande vya vitenge. Nikamuuliza huwa anavipeleka wapi. Akasema vingi vinatupwa, vingine watoto wanachukua wakasokotee mipira. Nikamwomba, akanijazia kiroba.

Nikashona mifuko 11 ya kwendea sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, hakuna nyumba isiyohitaji mfuko wa kitambaa. Kila mfuko niliushona nikimfikiria mwenyewe. Wa wifi, ambaye ana genge, niliufanya mpana wenye kitako. Wa mama mkwe niliunganisha vipande vya zambarau vitupu, maana ndiyo rangi ya kwaya yake, na ndani nikaweka bafta nyeupe.

Kazi ya kushona haikunitesa. Kilichonitesa ni hofu kwamba watasema, "Hawa wameishiwa." Mama mkwe alipoufungua wake alipitisha kidole kwenye mshono taratibu, akauliza, "Mwanangu, zambarau yote hii umeitoa wapi?" Nikamwambia nilichambua kiroba kizima kwa usiku mbili. Hakujibu. Akainuka, akautundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Mpaka leo hauendi sokoni, anatunzia Biblia na daftari la jumuiya.

Kasoro ilikuwa kwa wifi. Mshikio ulikatika wiki ya pili, amebeba viazi. Sasa mshikio naukunja mara nne, na pale unapokutana na mfuko napiga mshono wa mraba wenye mkingamo katikati. Haujakatika tena hata mmoja.

Haya, leteni ya kwenu. Ulimtengenezea nani, nini, na kipi kilikwenda mrama?

Konda Mstaafu

Asante dada kwa mada. Mimi nimepiga ukonda miaka tisa, njia ya Mbagala na Kariakoo, na mwanangu wa kiume alikuwa analijua gari letu kwa mlio wa honi. Alipotimiza miaka sita nikamtengenezea daladala.

Fremu ni waya ule wa kufungia nondo. Mafundi ujenzi ukiwaomba vipande wanakupa. Bodi ni maboksi ya juisi yaliyopasuliwa, upande wa fedha ukitazama nje ili ung'ae. Magurudumu nilikata kwenye malapa mabovu, mawili mawili nikiyagandisha pamoja ili yawe manene, na ekseli ni spoku ya baiskeli. Mbele nikaandika "Mbagala Kariakoo" kwa rangi, mlangoni nikaweka konda wa waya, mkono mmoja nje.

Ilinichukua jioni kumi na mbili, naifanyia nje kwenye baraza yeye akiwa amelala. Mara mbili aliamka kwenda msalani nikaifunika na beseni.

Siku ya Krismasi hakukimbia nayo kama nilivyodhani. Alikaa chini, akafungua mlango, akafunga. Akahesabu viti. Halafu akaniuliza, "Baba, huyu konda ni wewe?" Nikamwambia ndiye mimi. Akamtoa mlangoni, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma. Akasema, "Umesimama sana, kaa."

Ndugu zangu, nilitoka nje nikasimama kidogo.

Mwaka huu ameagiza mwendokasi, lile refu linalokunjika katikati. Nimejaribu kiungo cha kadibodi, kinachanika kwenye kona. Nadhani jibu ni tyubu ya baiskeli iliyokunjwa kunjwa na kushonwa kwa waya mwembamba. Mwenye wazo lingine aseme.

Mama Mapacha

Mimi ni sabuni za mafuta ya nazi, mwaka wa nne sasa. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hii kazi ina hatari, na kuna watu wanairuka hatua kwa kutojua.

Mwaka wa kwanza nilichanganya kostiki soda na maji kwenye sufuria ya alumini, zile za kawaida tunazopikia wali. Mchanganyiko ukaanza kuchemka wenyewe, ukatoa povu na moshi mkali, sufuria ikawa nyeusi na kuliwa kitakoni. Namshukuru Mungu mapacha walikuwa kwa bibi yao. Kostiki inakula alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu isiyoogopa joto, au chombo cha chuma cha pua. Vaa glovu na miwani, simama penye upepo. Na siku zote mimina soda ndani ya maji, usimimine maji juu ya soda. Ukigeuza, inaruka.

Vipimo vyangu: kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi natumia gramu 146 za kostiki na gramu 350 hivi za maji. Kimahesabu kilo hiyo ingemaliza gramu 183, ila nazi tupu ikipewa soda yake yote sabuni inakausha ngozi. Kwa hiyo nabakiza mafuta kidogo yasiyogeuka. Pima kwa mizani ya kidijitali. Kikombe hakifai kabisa kwenye hesabu hii.

Soda ikishapoa mimina kwenye mafuta, koroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Hapo ndipo naweka mchaichai au mdalasini. Mafuta ya karafuu yaweke machache sana na uwe na haraka, yanafanya mchanganyiko ugande ghafla ukiwa bado mkononi. Kata kesho yake, sabuni ya nazi ikichelewa inapasuka. Kisha ziache kwenye rafu penye hewa wiki nne mpaka sita. Ndiyo maana mimi Novemba 10 hainikuti sijamimina.

Nazifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba yake. Mwalimu wa watoto mwaka jana aliniambia aliiweka kwenye kabati la nguo mwezi mzima kabla ya kuitumia, kwa ajili ya harufu.

Kijana wa Sinza

Naomba na sisi ambao haikwenda vizuri tusikilizwe.

Nilitengeneza kadi kwa majani makavu ya mgomba. Nikakata maumbo: mwanamke na mtungi, mnazi, ngalawa. Nilikaa nazo mwezi. Kila shangazi na yake, na ndani nimeandika barua ya ukurasa mzima namkumbusha alichonifanyia nilipokuwa mdogo. Shangazi mkubwa aliipokea, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Na zawadi yenyewe iko wapi?" Watu wakacheka. Yeye hakuwa na nia mbaya, ila niliumia, na mwaka uliofuata nilinunua seti ya glasi.

Sijui kama nilikosea zawadi au nilikosea mtu.

Bi Mkubwa wa Magomeni

Kijana wangu, pole. Nimesoma nikaacha jiko.

Hukukosea mtu. Shangazi zako ni rika langu, na sisi tumelelewa kwamba zawadi ni kitu cha kuvaa, kula au kutandika. Karatasi kwetu ni taarifa. Fanya hivi mwaka huu: nunua kanga doti moja. Unajua kanga inauzwa zikiwa mbili zimeungana, hazina pindo. Watu wengi wanakabidhi hivyo hivyo, mwenye kupewa akahangaike na fundi. Wewe ikate, uipinde mwenyewe kwa mkono, mshono mdogo mdogo, pande zote mbili. Na jina la kanga lisome vizuri kabla hujalipa, maana kanga inasema, na shangazi atataka kujua unamwambia nini. "Wema hauozi" ni salama na ni kweli. Barua yako ikunje, iweke katikati ya zile kanga mbili. Ataisoma akiwa peke yake. Mambo ya barua kama hiyo hayasomwi mbele za watu, mwanangu.

Nami niseme langu. Mimi ni Mwislamu, mtaa wetu umechanganyika, na mimi na jirani yangu wa ukuta mmoja tuna miaka ishirini na sita ya kupelekeana. Idd anakuja na keki, ya mkaa, anaioka kwenye sufuria yenye mchanga, moto juu na chini. Krismasi mimi napeleka visheti na chupa ya achari ya embe. Sahani haijawahi kurudi tupu upande wowote.

Achari wengi wananiuliza. Embe bichi, gumu, lisiloanza njano hata kidogo. Kata vipande, tia chumvi na manjano, anika juani siku mbili tatu. Hapa ndipo Dar inapotutia majaribuni, kwa sababu Novemba ni vuli, na mvua moja ya ghafla inaharibu ungo mzima. Mimi siondoki nyumbani siku za kuanika. Vikikauka, kaanga haradali, uwatu, kitunguu saumu na pilipili kwenye mafuta, zima moto, changanya, mimina siki. Chupa ichemshwe na ikauke kabisa. Tone moja la maji linatosha kuleta ukungu. Mafuta yafunike embe.

Mwaka aliofiwa na mumewe, jirani yangu hakupika chochote Desemba. Nilipeleka sahani kama kawaida, nikamwambia asiirudishe. Aliirudisha Februari, ina maandazi manne.

Mwana Rombo

Bi Mkubwa shikamoo. Achari yako nimeitamani, ila nitoe tahadhari kwa wasafiri. Niliwahi kuweka chupa tatu kwenye begi la nguo, stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, zikaenda chini kwenye buti. Kufika Mkuu, kule Rombo, chupa mbili vipande, sweta ya baba imekuwa ya manjano. Chupa ibebe mapajani.

Bi Mkubwa wa Magomeni

Marahaba. Au ndani ya kapu la ukindu, ukijaza maranda katikati ya chupa na chupa. Kapu linanepa, begi halinepi.

Mwana Njombe

Mimi nafuma. Kwetu Njombe mtoto wa kike anajifunza sindano mbili akiwa mdogo, kwa sababu Juni na Julai kule baridi haina huruma. Kufumia Dar ni jambo jingine. Desemba, kaskazi imeanza, uzi unagandana na jasho la vidole na mshono unabana. Nafuma saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, kabla jua halijawa kali.

Kaka yangu yuko Winnipeg, Canada. Kule Krismasi ni theluji, na usiku nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya kushangaza. Nilimfumia skafu ya sufu halisi ya kondoo, niliyoletewa na rafiki, kwa sababu uzi wa akriliki unaojaa Kariakoo haupashi joto sawasawa na sufu. Mita moja na nusu, wiki tano. Nikampa msafiri.

Alipiga simu kushukuru. Ila kila tukiongea kwa video simwoni nayo, hata akiwa nje. Mwaka mzima. Nilikaa na hilo moyoni, nikidhani anaona haya kuivaa. Alipokuja likizo ndipo akanieleza: aliifua kwenye mashine, maji ya moto, ikatoka imejikunyata na kuwa ngumu kama jamvi. Alishindwa kuniambia. Alikuwa ameileta kwenye begi, hakuweza kuitupa.

Sufu ndivyo ilivyo, joto na kusukwasukwa vinafanya nyuzi zake zishikane zisiachane tena. Kosa lilikuwa langu kutomwambia. Sasa kila nikifuma nashonea kitambaa kidogo pembeni, nimedarizi: maji baridi, kwa mkono, anika kivulini kwa kutandaza. Ya pili ameivaa majira mawili sasa, na picha ananitumia.

Kijana wa Sinza

Bi Mkubwa, nimekuelewa. Doti ngapi za uzi zinatosha kupinda kanga mbili? Nitaanza na shangazi mkubwa.

Bi Mkubwa wa Magomeni

Uzi unauzwa kwa kibonge, mwanangu, doti ni ya kanga. Kibonge kimoja kinatosha na kubaki. Chagua rangi ya pindo, na sindano nyembamba.

Konda Mstaafu

Dada wa Tabata, nimejaribu ile tyubu jana usiku. Inakunja kona bila kuchanika. Sasa nahitaji viti. Kwenye kiroba chako kuna kipande cha bluu? Viti ni 18, kila kimoja sentimita nne.

Dada wa Tabata

Kipo, kaka. Nimekitenga. Kuna na kipande kidogo cha njano, nadhani kitafaa kwa sare ya dereva.