Ushauri: simu 8 za mezani za intaneti zimegoma kuingia kwenye seva (Dodoma)

Fundi_Njiapanda: Wakuu, habari za jioni. Ofisi ipo Area C. Nina simu za mezani za intaneti 22, seva ni Asterisk 20 (programu ya kuunganisha simu), swichi ya poti 24 inatoa umeme kwenye waya wa mtandao, kwa kiwango cha 802.3af. Simu 14 zinaita vizuri. 8 zinawaka, zinapata anwani ya mtandao, halafu zinaganda. Jumatatu asubuhi bosi anataka zote ziite. Nisaidieni.

ZabibuChachu: Anza na intaneti. Simu moja kwa G.711 (namna ya kubeba sauti) inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, ukihesabu na vichwa vya pakiti. Zote 22 zikiongea kwa pamoja unakaribia megabiti 2. Laini yako ya nje inabeba?

MamaSwichi: Intaneti imeingiaje hapo? Simu hazijajiandikisha hata kwa seva ya ndani. Kaka, hizo 8 ni aina gani? Mbona umezipita haraka hivyo?

Fundi_Njiapanda: Cisco 7940. Za mtumba ila safi kabisa. Zimeshalipiwa na zimeshawekwa mezani, kwa hiyo habari za "nunua mpya" sizihitaji. Si zote ni simu za intaneti?

Kiti_Moto: Hata suruali ya mtumba hupimwa kabla ya kulipa.

MamaSwichi: Ndipo penyewe. 7940 yenye programu yake ya awali inaongea SCCP, lugha ya Cisco wenyewe, kwenye poti ya TCP 2000. Asterisk yako inasubiri SIP, lugha ya simu za intaneti za kawaida, kwenye UDP 5060. Hazitasikilizana hata zikiwa kwenye swichi moja.

Njia ni mbili. Unaweza kuongeza moduli ya chan_sccp kwenye seva, nayo ielewe SCCP. Ile ya zamani, chan_skinny, usiitegemee, kwenye Asterisk 21 imeshaondolewa. Mimi ningezigeuza simu zenyewe ziwe za SIP. Washa TFTP (huduma ambako simu huchukua faili zake, UDP 69), weka faili za programu ya SIP ya Cisco, toleo la 8-12, OS79XX.TXT yenye mstari mmoja tu, P003-8-12-00, kisha SIPDefault.cnf yenye image_version P0S3-8-12-00. Kila simu iwe na faili lake: SIP, ikifuatiwa na MAC (namba ya kiwandani ya simu hiyo) kwa herufi kubwa, kisha .cnf. Linux haisamehe, ukiandika a badala ya A simu haioni kitu. Kwenye DHCP, inayogawa anwani, toa opsheni 150 yenye anwani ya seva ya TFTP. Kodeki, yaani namna ya kubeba sauti, ziwe alaw (aina ya G.711) pande zote, maana 7940 haijui G.722 na ukiilazimisha utakula kosa la 488, simu ikatae. Simu ikianza kujiandika programu upya, USICHOMOE UMEME.

Mzee_wa_Makulu: Hii chai. 7940 haipokei 802.3af, inataka umeme wa Cisco wa zamani uliotangulia kiwango hicho. Swichi ya mleta mada haiwezi kuiwasha. Sasa hizo simu zinawakaje mpaka zipate anwani? Picha, au uzi ufungwe.

Kiti_Moto: Sukari vijiko vingapi, mzee?

Fundi_Njiapanda: Si chai! Zinatumia adapta za volti 48. Nimeziunga kwenye ekstensheni mbili chini ya meza. Sikuona haja ya kutaja.

MamaSwichi: Haja ipo. Umeme ukikatika, 14 zitabaki hewani kwa UPS (betri ya akiba) ya swichi, hizo 8 zitazima.

Mzee_wa_Makulu: Haya, nimekubali nusu. Kwenye simu moja bonyeza settings, ingia Network Configuration, soma mstari wa TFTP Server. Ukitaka kubadili chochote, **# inafungua kufuli.

Fundi_Njiapanda: 192.168.1.1.

Mzee_wa_Makulu: Hiyo ni nani?

Fundi_Njiapanda: Ruta ya intaneti.

MamaSwichi: Na anwani anatoa nani?

Fundi_Njiapanda: Ruta. Na seva pia. Niliona zikiwa mbili ni salama zaidi, moja ikifa nyingine ipo.

MamaSwichi: Yesu wangu. Anayewahi kujibu ndiye simu inayemfuata, na ruta haina opsheni 150. Zima DHCP ya ruta.

Fundi_Njiapanda: Na wageni wa WiFi je?

MamaSwichi: Watapewa na seva. Zima.

ZabibuChachu: Laini ya nje bado hujaitaja.

Fundi_Njiapanda: Nimezima, faili nimeweka, nimewasha simu moja. Kioo kimekuwa cheusi dakika mbili sasa. Nichomoe?

Mzee_wa_Makulu: USICHOMOE.

MamaSwichi: USICHOMOE!