"Pinch of salt" na wenzake: kumtilia mtu shaka kwa Kiingereza

Swali
Wakuu, salaam. Natafuta misemo ya Kiingereza ya kuonyesha kwamba mtu hajui analolisema. Ipi inafaa barua pepe ya kazini, ipi ibaki kijiweni? Na "take it with a pinch of salt" ndiyo kutia chumvi yetu?

Jibu 1
Siyo, mkuu, na hapo wengi huteleza. Kwetu anayetia chumvi ni msemaji, kwa kuongeza habari. Kwa Kiingereza chumvi ni ya msikilizaji: pokea habari, ila usiimeze nzimanzima. "Take his figures with a pinch of salt" ni kusema takwimu zake usizitegemee sana. Kitenzi cha kawaida ni "take". Ukiandika "add" au "put" msemo umekufa. Waingereza husema "pinch", Wamarekani "grain". Hiyo "grain" wengi huifuatisha hadi kwa Pliny, Mrumi wa karne ya 1, aliyeandika dawa ya kukinga sumu: jozi ("walnut") kavu 2, tini 2, majani 20 ya mmea wa ruta, na punje ya chumvi.

Jibu 2
Kazini gonga hoja, mwache mtu. "That doesn't quite add up" inafaa pale maelezo yasipooana. "The jury is still out on that" ni kwa jambo ambalo halijathibitika. "The argument doesn't hold water", yaani hoja haina mashiko, ni kali zaidi, lakini bado inaandikika. "He's talking through his hat", yaani anaropoka asilolijua, humgonga mtu mwenyewe, tena imechakaa. "He doesn't know his arse from his elbow", yaani hajui lolote, ni matusi, iache hukohuko kijiweni. Tahadhari na "with all due respect": Mwingereza akiisoma anajiandaa kupingwa, heshima haioni.

Mwuliza swali
Shukrani. Na "I doubt" je?

Jibu 3
Usiichanganye na "I suspect", maana zote kwetu hutafsiriwa "nashuku". "I doubt he knows" ni nadhani hajui. "I suspect he knows" ni nadhani anajua. Kosa la kawaida ni "I doubt he doesn't know", mtu akikusudia "nashuku hajui". Msomaji ataelewa kinyume chake, kwamba unaamini anajua. Andika "I doubt he knows", au "I suspect he doesn't know".