Naombeni ushauri: likizo ya ufukweni na watoto wadogo, nitaiwezaje?

Nahodha Kavu (mleta mada)
Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamooni.

Tuna safari ya familia ya ufukweni, wiki nzima, na kadiri tarehe inavyosogea ndivyo usingizi unavyonikimbia. Nina mapacha, wamevuka miaka miwili juzijuzi. Wa kwanza akiona maji hata ya kwenye beseni anaanza kuvua nguo. Wa pili mchanga ukimgusa nyayo analia mpaka anakauka sauti.

Maswali yangu: mwavuli au hema? Kigari cha watoto kinapita mchangani? Mchanga unatolewaje mwilini kabla hawajaingia ndani? Na usingizi wa mchana walale wapi? Tutakuwa watu wazima wawili. Matusi hapana tafadhali.

Bi Mkasi
Kigari kiache nyumbani. Magurudumu madogo yanazama, utaishia kukibeba wewe pamoja na aliyemo. Beba mbeleko.

Hema dogo la kivuli ni bora kuliko mwavuli. Mwavuli ukipeperushwa na upepo, ule mti wake unaweza kumuumiza mtu vibaya, halafu kivuli chake kinahamahama na wewe unahamisha watoto kutwa nzima. Ila hema lisifungwe pande zote, joto la ndani litawashinda.

Mchanga: usimsugue mtoto aliyelowa, utamchubua. Mwache akauke, mpake wanga mkavu wa mahindi, pangusa kwa kiganja. Unadondoka wenyewe. Poda ya talki hapana, vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto.

Mzee wa Ngalawa
Kijana, umeuliza mwavuli, hujauliza maji.

Pwani nyingi bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanakwenda mbali na yanarudi juu kuliko ulivyozoea. Ukitandika mkeka ufukweni kwa kukisia tu, utaamshwa na maji. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la huko uendako, ndipo upange siku yako.

Yakipwa yanabaki madimbwi, watoto wanayapenda sana. Usiyadharau. Mtoto wa umri huo anazama kwenye maji yasiyofika hata goti lake. Na mashimo wanayochimba yasizidi magoti, mchanga hubomoka ghafla na kumfukia mtu. Zamani sisi tulikuwa tunachimba mpaka tunakuta maji, mzee wangu akipita anafukia kwa mguu bila kusema neno, sisi tunanuna.

Chongo Halali
Mimina mchanga sebuleni, washa feni, weka sauti ya mawimbi kwenye simu. Likizo imeisha, hela imebaki.

Dada Kipusa
Mimi nitasema ya kwangu. Wa kwangu alipotea ufukweni akiwa na miaka mitatu. Baba anajua mtoto yuko na mimi, mimi najua yuko na baba. Tulikimbia ufukwe mzima, mimi nimeingia majini na nguo zangu, naangalia chini tu. Kumbe kalala nyuma ya hema, kajifunika taulo gubigubi, kiatu kimoja mguuni.

Tangu hapo kwetu kuna zamu. Mwenye zamu anavaa kofia nyekundu na haruhusiwi kugusa simu. Hutoki zamu mpaka uivue umvalishe mwenzako na mwenzako aseme "nimepokea". Asubuhi napiga picha kila mtoto na nguo alizovaa siku hiyo, na namba yangu naiandika mkononi kwake kwa kalamu isiyofutika.

Sasa mleta mada, hao watu wazima wawili wote wanaogelea?

Nahodha Kavu
Asanteni sana wakuu. Ni mimi na mke wangu. Mimi naogelea kiasi. Yeye hataingia sana majini.

Dada Kipusa
"Sana" maana yake nini?

Nahodha Kavu
Haingii kabisa. Atakaa kivulini.

Bi Mkasi
Anaogopa maji au anaumwa? Mbona unatoa habari kwa kijiko?

Nahodha Kavu
Haumwi. Kajifungua mwezi uliopita, kwa upasuaji. Kwa hiyo tutakuwa na kichanga pia. Lakini anaendelea vizuri, na yeye mwenyewe anataka kutoka, kachoka kukaa ndani. Hela nimeshalipa. Hema nimeshanunua. Na maboya ya mikononi ya kujaza upepo ninayo, mawili mawili kwa kila mtoto. Sioni tatizo kubwa kivile.

Nesi Mstaafu
Kumbe tulikuwa tunashauri familia nyingine kabisa.

Aliyefanyiwa upasuaji, wiki sita za mwanzo kwa kawaida huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko kichanga chake. Pacha wako akikimbilia maji, mama hawezi kumkimbiza wala kumbeba. Baharini asiingie mpaka daktari wake akague kidonda. Mtu mzima ni mmoja hapo, nawe una mikono miwili.

Kichanga wa chini ya miezi sita hakai juani. Krimu ya jua kwa kawaida huanza baada ya umri huo, kwa hiyo kinga yake ni kivuli, nguo nyepesi za mikono mirefu na kofia. Hata kivulini jua linamfikia, mchanga na maji vinaurudisha mwanga. Msimpe maji ya kunywa, anyonye mara nyingi zaidi. Akipata joto la mwili nyuzi 38 au zaidi katika umri huo ni hospitali saa hiyohiyo, kwa hiyo ijue hospitali ya karibu kabla hujafungua begi.

Mapacha wapakwe krimu ya SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 au zaidi nusu saa kabla ya kutoka, na mrudie kila baada ya saa mbili na kila wakitoka majini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua ni kali. Saa hizo kaeni ndani, na jibu la usingizi wa mchana ndilo hilo.

Mzee wa Ngalawa
Hayo maboya ni ya kuchezea. Yanachomoka mkononi, yanatoboka, na upepo ukitoka nchi kavu unampeleka mtoto kilindini huku yeye anacheka. Nunua jaketi la kuokolea la saizi yake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Hata akilivaa, awe pale mkono wako unapofika. Nenda ufukwe wenye waokoaji, na bendera nyekundu ikipandishwa usijadiliane nayo.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Anaondoka kimya.

Kungwi wa Zamani
Mzazi wa mwezi mmoja anatolewa nyumbani kwenda kupigwa na upepo, eti likizo. Likizo ya nani? Wanaume wa siku hizi mnapenda picha kuliko wake zenu.

Nahodha Kavu
Mama, kwa heshima zote, yeye ndiye aliyechagua mahali.

Chongo Halali
Subirini kwanza. Nimepitia nyuzi zake. Miezi michache iliyopita huyuhuyu alifungua uzi humu: "Natafuta mchumba aliye tayari, sina mtoto." Leo ana mke, mapacha na kichanga. Chai hii wakuu, wala haijachujwa.

Dada Kipusa
Jamani! Na mimi nimetoa kofia yangu nyekundu bure.

Nahodha Kavu
Ule uzi ni wa mdogo wangu, tulikuwa tunatumia akaunti moja.

Chongo Halali
Na aliyeuliza namna ya kufuga njiwa ghorofani ni mdogo wako pia?

Nahodha Kavu
Njiwa ni mimi.

Bi Mkasi
Acheni nimpime. Hao mapacha mchana wanalala vipi, na nepi wameacha?

Nahodha Kavu
Mmoja kaacha mchana, mwenzake bado. Kulala ndiyo balaa, hawalali pamoja. Mmoja akisinzia mwenzake anamfumbua macho kwa vidole, anamuuliza "upo?"

Bi Mkasi
Huyu ana watoto. La vidole halitungwi.

Basi sikiliza: nepi ya kuogelea haizuii mkojo, inashika kinyesi tu, tena kwa muda. Usimvalishe safarini, mvalishe mkifika, na mbadilishe mbali na maji. Nguo za kuogelea wavalishe rangi ya chungwa au pinki inayowaka. Bluu na nyeupe huzioni ndani ya maji. Yule anayeogopa mchanga mvalishe viatu vya majini umwache akae mkekani, akitaka atashuka mwenyewe.

Chongo Halali
Mimi bado sijaamini. Ila swali la nesi lipo palepale: mtu mzima wa pili ni nani?

Nahodha Kavu
Nimempigia mdogo wangu, huyo mwenye uzi wa mchumba. Anaogelea kunizidi. Amekubali kuja, ila kauliza kama ufukweni huwa kuna wadada.

Chongo Halali
Sasa naamini.

Nesi Mstaafu
Huyo naye avae kofia nyekundu, na akiwa zamu macho yabaki kwa mapacha. Na tarehe, umewauliza hao uliowalipa kama inasogezeka?

Nahodha Kavu
Sijauliza. Nilijua watakataa.

Nesi Mstaafu
Piga simu kesho asubuhi, kabla ya jambo lolote. Ukipata hata wiki tatu mbele, mama atakuwa ameshaonana na daktari wake.

Mzee wa Ngalawa
Na ukipata tarehe mpya iweke hapa, nikuangalizie bamvua.