Gumzo la ukoo: kauboi wa kwenye theluji

Zuhura (London): Shikamooni wakubwa. Mjomba Hamisi, ile picha ya kauboi wa theluji nimeipata! The Great Silence, ya Sergio Corbucci, 1968. Diski ya Blu-ray, toleo la Eureka la 2021.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu! Ile ya bubu? Anawapiga maadui risasi ya dole gumba wasishike tena bastola? Tuliiona kwenye kibanda umiza, kanda ikakatika kabla haijaisha.

Zuhura: Ndiyo hiyo. Bubu ni Jean-Louis Trintignant, adui Klaus Kinski. Muziki wa Morricone.

Shabani: Deki ya mjomba haisomi Blu-ray.

Mjomba Hamisi: Deki yangu inasoma kila kitu.

Shabani: Hata kaswida inakwaruza 😂 Nitakuja na PS4, mashine yangu ya gemu, inasoma Blu-ray.

Baba Salma: Itakubali? Mimi nililetewa diski toka Marekani, ikagoma.

Shabani: Diski za Blu-ray zimegawanywa kwa maeneo ya dunia, na mashine husoma za eneo lake. Za Marekani nyingi ni eneo A. Uingereza na Afrika yote tuko B. PS4 yangu ya Dubai, B pia. Itacheza.

Shangazi Rukia: Kauboi na theluji wapi na wapi?

Zuhura: Kisa ni cha Utah, ila wamepigia milima ya Dolomiti, Italia. Sehemu za mjini walipigia Roma, wakamwaga povu la kunyolea ndevu liwe theluji. Nimelikodolea macho, wapi!

Shangazi Rukia: Wanawake wamo?

Zuhura: Vonetta McGee, Mmarekani mweusi. Mjane anayemkodi bubu alipize kisasi cha mumewe. Si wa kupita na sinia tu, shangazi.

Mjomba Hamisi: Mwisho bubu anamaliza kazi. Stelingi hafi!

Zuhura: 🤐

Shabani: Anakufa mjomba.

Shangazi Rukia: Shabani! Nani kakuuliza?

Zuhura: Ndio uzuri wake lakini. Kinski anaondoka mzima, na hela za vichwa, yaani zawadi ya kuwaua wanaosakwa, atakwenda kudai. Kwenye diski kuna na mwisho mwingine walioupiga: sherifu anarudi, bubu anapona. Umekaa kama kiraka.

Mjomba Hamisi: Niwekeeni huo wa kiraka. Na iwe sauti ya Kiingereza, maandishi ya chini yananipita.

Zuhura: Ipo, na Kiitaliano pia. Mzigo unaondoka Jumamosi, anayetaka kitu aseme leo.

Shangazi Rukia: Ile krimu yangu ya miguu. Mbili.