Naomba ushauri: potifolio ya kuombea fildi ya ubunifu wa ndani, niweke nini?

Kona_ya_Nyumba
Wakuu, habari za jioni. Nasoma ubunifu wa ndani Chuo Kikuu Ardhi, mwaka wa tatu. Natafuta nafasi ya fildi kwenye ofisi za wabunifu hapa Dar. Nina kazi nne za studio na moja ya jiko. Kurasa ngapi zinatosha? Na hilo jiko nilitangulize au likae mwisho? Siku zimebaki chache, usingizi sipati.

Bwana Chaji
Potifolio baadaye, taja laptopu kwanza. RAM iwe GB 16, na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe. Usije ukanunua Mac kwa sababu inang'aa, maana programu za kuchorea kama Revit na 3ds Max zimetengenezwa kwa Windows.

Kona_ya_Nyumba
Laptopu ninayo, mkuu.

Sofa la Kijivu
Weka sofa la kijivu, ua la plastiki na taa ya njano. Wanakupa funguo za ofisi siku hiyohiyo.

Mistari_Miwili
Kurasa 15 hadi 20, PDF isizidi MB 10 ili ipite kwenye barua pepe. Kila kazi iwe na ramani ya skeli ya 1:50, mwonekano wa kuta kwa 1:20, kiungo kimoja, yaani mbao zinavyoungana, kwa 1:5 na jedwali la malighafi. Picha za 3D mbili kwa kazi zinatosha. Anayechagua wanafunzi wa fildi anatafuta mtu wa kumpa michoro ya karakana kesho yake, na 3D haimwambii ejingi, ule utepe wa kufunika ukingo wa mbao, inaishia wapi wala bawaba inakaa umbali gani kutoka ukingoni. Hakikisha vipimo vya kawaida haviyumbi: kaunta kimo cha 900 mm na kina 600, meza ya chakula kimo 750, kiti 450. Ukikosea hivyo, hafungui ukurasa wa pili.
Jiko ni la studio au la mteja?

Kona_ya_Nyumba
La mtu tu, Goba. Ni mchoro.

Mistari_Miwili
Mchoro, au kazi imeshaanza?

Mwalimu Mstaafu
Hapo ndipo vijana wanapoharibu. Bodi ya kuwasajili wabunifu wa ndani ni AQRB, ileile ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Mwanafunzi hujasajiliwa, kwa hiyo kwenye jalada usijiandike mbunifu. Jiandike mwanafunzi, na useme wazi sehemu ipi ya kazi ni yako.

Kona_ya_Nyumba
Sawa mwalimu, shikamoo. Haya, niseme tu. Mteja ameshatoa kianzio na karakana imeshakata mbao. Nilipima ukuta ukiwa matofali matupu, nikapata 3000 mm kamili, nikapanga maboksi matano ya makabati ya chini, kila moja upana wa 600. Juzi wamemaliza plasta. Lakini fundi anasema tukifika atachimba plasta kidogo, kwa hiyo sioni tatizo. Nilitaka tu kujua kama niliweke kwenye potifolio.

Mistari_Miwili
Kumbe swali ndilo hilo! Maboksi yako yako kati ya kuta mbili. Plasta imekula kama 15 kila upande, tailizi na gundi yake zitakula hadi 15 nyingine. Hapo 60 imeondoka, na maboksi ya 3000 hayaingii. Kuchimba plasta usithubutu. Ndani kuna mabomba ya umeme, ukingo utapasuka, na fundi tailizi atakosa pa kushikia.

Kona_ya_Nyumba
Mteja anataka kuhamia mapema, nisingesubiri plasta. Na mbao nzima zilizokatwa ni tatu tu, si hasara kubwa.

Hesabu Haidanganyi
Subiri kwanza. Mbao tatu? Hii naona ni chai, hadithi ya kutunga. Boksi moja la chini la 600: vipande viwili vya pembeni za 720 kwa 560, chini 564 kwa 560, vishikizo viwili vya juu, shelfu moja na mlango. Karibu mita za mraba 2. Mara tano ni 10. Mbao nzima ya 2440 kwa 1220 haifiki hata mita za mraba 3. Ukiongeza mabaki ya kukata unahitaji nne kwa chini pekee, na makabati ya juu yanataka tatu nyingine. Huyu hana jiko wala mteja, anatafuta wachangiaji.

Sofa la Kijivu
Ongezeni vitafunwa, chai ishamiminwa.

Bwana Chaji
Mimi nilishangaa laptopu haitajwi jina.

Kona_ya_Nyumba
Si chai. Tatu ni za maboksi ya chini tu, bila milango. Milango na makabati ya juu sijaagiza, nasubiri mteja achague rangi.

Hesabu Haidanganyi
Bila milango ni mita za mraba 7.7. Tatu zinatosha kwa kubanana. Haya, narudi nyuma hatua moja. Moja tu.

Mistari_Miwili
Kumbe umepona, maana milango hujaagiza. Chukua boksi moja, lisiwe la sinki wala la jiko la kupikia. Mbao za pembeni usiziguse. Chini, shelfu na vishikizo punguza kutoka 564 hadi 464, ukikata ncha inayogusa ubavu; ejingi ya mbele inabaki salama. Boksi linakuwa 500, jumla 2900, pembeni unaweka vipande vya kuzibia. Kesho nenda kapime upana kati ya kuta sehemu tatu: juu, kwenye 900 ya kaunta, na chini. Mbao ni za aina gani?

Kona_ya_Nyumba
MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, unene wa 18. Zote.

Mistari_Miwili
Hata chini ya sinki? Koki ikivuja kidogo inavimba kama mkate, na haisinyai tena. Boksi la sinki lirudiwe kwa marine board, mbao inayostahimili maji, ukingo upakwe silikoni. Gharama hiyo ni yako, mteja usimpelekee.

Kona_ya_Nyumba
Ni bei, mkuu. Mteja mwenyewe alisema MDF inatosha.

Mwalimu Mstaafu
Mteja hakusoma, wewe unasoma.

Kona_ya_Nyumba
Nimetoka saiti sasa hivi. Tailizi bado. Juu 2968, kwenye 900 ni 2964, chini 2971.

Mistari_Miwili
Fuata iliyo ndogo. 2964 toa 30 za tailizi, 2934. Maboksi 2900, inabaki 34, yaani 17 kila upande. Milango agiza minne ya 597 na mmoja wa 497. Kwenye potifolio weka michoro yote miwili, wa kwanza na uliosahihishwa, na tarehe za kupima.

Hesabu Haidanganyi
Na picha ya boksi la sinki la marine board. Bila hiyo, bado ni chai.