Tupeane uzoefu: Chumba cha ziada na kupunguziwa msaada wa kodi Uingereza

Mwanzilishi wa mada

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, nimeanzisha mada hii kwa sababu nimechoka kuona watu wetu, hasa akina mama, wakilipa kimyakimya pengo la kodi ya nyumba kutoka kwenye fedha za chakula, bila kujua kwamba walikuwa na haki ya kuhoji. Tangu tarehe 1 Aprili 2013, mpangaji wa nyumba ya halmashauri au ya chama cha nyumba (shirika linalopangisha nyumba za gharama nafuu) ambaye hajafikia umri wa pensheni hupunguziwa msaada wa kodi kwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi yake akionekana ana chumba 1 cha kulala kisichohitajika, na kwa asilimia 25 vikiwa 2 au zaidi. Serikali iliita hatua hiyo kuondoa ruzuku ya chumba cha ziada. Wananchi wakaiita kodi ya chumba (bedroom tax), yaani kodi kwa maana ya ushuru, na jina hilo ndilo lililobaki. Wazee waliofikia umri wa pensheni hawaguswi.

Naanza na yangu. Nilikuwa katika nyumba ya vyumba 3 pamoja na wanangu 2 wa kiume, mmoja ana miaka 15 na mwingine 12. Kwa hesabu ya ofisi inayolipa msaada huo, watoto wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 hulala chumba kimoja, na walio chini ya miaka 10 hulala pamoja hata kama ni wa jinsia tofauti. Kodi yangu ilikuwa pauni 96 kwa wiki, kwa hiyo nikaanza kutoa pauni 13.44 kila wiki mfukoni mwangu. Mwanangu mkubwa alipotimiza miaka 16 alistahili chumba chake, na makato yalipaswa kukoma. Hayakukoma, kwa sababu sikuwaarifu, nami nikaendelea kulipa kwa miezi 7 nikidhani kompyuta yao inajua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wangu. Naomba kila mwenye watoto aandike kwenye kalenda siku wanapotimiza miaka 10 na 16, kisha apeleke taarifa kwa maandishi na kubaki na nakala.

Tafadhali elezeni yaliyowapata, na mlivyofanya.

Mke wa mgonjwa

Ahsante, dada. Mume wangu husafishwa damu nyumbani kwa njia ya tumbo, usiku kucha, kwa mashine iliyo kando ya kitanda chake. Mrija ukikunjika kidogo mashine hupiga kelele, na kila mwezi huletewa maboksi ya maji ya dawa yanayopangwa ukutani hadi yakaribie dirisha. Mimi nalala chumba cha pili, kwa kuwa naamka alfajiri kwenda kazini na kwa kuwa pale hapana nafasi ya mtu wa pili. Hata hivyo barua ya 2013 ilisema sisi ni mume na mke, tunahitaji chumba 1, na cha pili ni cha ziada.

Kwa miaka mitatu na zaidi tuliishi kwa malipo ya nyumba yanayotolewa kwa hiari ya halmashauri, ambayo huombwa upya kila yanapokwisha muda. Kila mara nilijaza fomu ndefu, nikaeleza choo chetu, dawa zetu na usingizi wetu kwa mtu nisiyemjua, na safari moja tulinyimwa bila maelezo ya maana. Mambo yalibadilika baada ya Mahakama ya Juu kuamua, Novemba 2016, kwamba ni ubaguzi kumkata mtu ambaye hawezi kulala chumba kimoja na mwenzake kwa sababu ya ulemavu. Kanuni zilirekebishwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2017, na kwa uamuzi huohuo zikazingatiwa pia familia zenye mtoto mlemavu anayehitaji mlezi wa usiku.

Kilichotusaidia sisi ni barua ya muuguzi wa figo, ambaye hakuishia kuandika kwamba mume wangu ni mgonjwa, bali alieleza kwa nini watu wawili hawawezi kulala katika chumba kile. Hakikisheni pia kwamba mgonjwa anapokea posho ya ulemavu kwa kiwango kinachotakiwa, kwa maana bila hiyo ombi halifiki mbali.

Baba wa wikendi

Mimi na mama watoto tulitengana. Watoto huja kwangu Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, lakini chumba huhesabiwa kwa mzazi anayepokea posho ya mtoto, naye ni mama yao. Kwa sheria hii mimi ni mtu mmoja asiye na watoto. Hicho chumba kinachoitwa cha ziada ni kidogo kiasi kwamba kitanda cha mtoto kikiwekwa, mlango haufunguki wote. Nilipopinga, niliambiwa kwamba mkataba wa upangaji unasema vyumba 2. Niliomba kuhamia nyumba ya chumba 1 nikaambiwa hazipo, na waliotangulia kwenye foleni ni wengi. Mtu anakatwa kwa kutohamia nyumba ambayo haipo. Naendelea kulipa, kwa sababu nikihama kwenda kwa mwenye nyumba binafsi kodi itakuwa kubwa zaidi, na wanangu watalala sebuleni.

Mkaazi wa Uskoti

Ndugu wa wikendi, pole sana. Huku Uskoti makato yapo kisheria, lakini tangu 2014 serikali yetu imekuwa ikitoa fedha za kuyafidia, nazo hupitia malipo hayohayo ya halmashauri aliyoyataja dada wa hapo juu. Ireland ya Kaskazini nao wana utaratibu wao wa fidia. Anayehamia huku kutoka sehemu nyingine za Uingereza aulize mapema ombi linapelekwaje, asikae akisubiri.

Binti wa marehemu

Nilikuwa nikiishi na mama yangu mzazi katika nyumba ya vyumba 2, naye alikuwa akihesabiwa chumba chake. Alipofariki, nilipeleka taarifa wiki ileile kama inavyotakiwa. Mimi nipo kwenye Universal Credit, yaani malipo ya serikali yanayojumuisha misaada kadhaa ukiwemo wa kodi, ambako baada ya kifo hesabu huachwa kama ilivyokuwa kwa takribani miezi 3, wakati wale walio kwenye msaada wa zamani wa nyumba hupewa mwaka 1. Sikuijua tofauti hiyo, wala hakuna aliyenieleza.

Tulisoma hitma, wageni wakaondoka, nami sikuwa na nguvu ya kukigusa chumba chake. Kanga zake zilikuwa bado zimekunjwa juu ya kiti, na chetezo kina majivu ya udi aliofukiza mwenyewe. Katika mwezi wa tatu tangu afariki, taarifa ya malipo ikaonyesha pungufu la asilimia 14 ya kodi. Nilikwenda kwenye kituo cha ushauri wa bure, na mshauri akanionyesha kwamba walikosea tarehe: walianza kuhesabu kabla ya siku ya kifo, hivyo mwezi 1 wa haki yangu ulipotea. Nilikuwa na mwezi 1 tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Niliomba zikiwa zimebaki siku 4, nikaambatanisha cheti cha kifo, na fedha za mwezi ule zikarudishwa.

Sasa makato yameanza kihalali. Nimeomba malipo ya hiari ya halmashauri, na nimeandikisha jina kwenye orodha ya kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine. Kama yupo mwenye familia iliyobanana katika chumba 1 na anataka vyumba 2, ghorofa ya chini, karibu na shule, aniandikie.