Dalali wa Sinza kanicheka mbele ya mama ntilie, leo nimekoma

Wakuu nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka, msiniulize uandishi. Yule dalali wa kofia nyekundu pale kituoni mnamjua, msijifanye. Nimempa elfu 20 ya kuonyeshwa nyumba, kanizungusha vichochoroni na jua la saa nane mpaka soli ya kiatu ikabanduka, tunafika anafunua pazia NDANI KUNA MZEE ANAKULA UGALI. Wala hahami! Anatukaribisha dagaa! Nikamwambia kaka nirudishie hela yangu, mi nina laki kwa mwezi natafuta masta, chumba chenye choo ndani, ndo AKACHEKA. Kacheka kashika tumbo, akaita "mama njoo umsikie huyu, laki anataka masta Sinza!" Mama ntilie na mwiko wake naye akacheka. Jamani mimi nina kazi, nina kitambulisho shingoni.

Na hapo ni kodi miezi sita mkupuo, mwezi mmoja wa dalali, bado umeme wa LUKU unachangia na mtu ana friji mbili. Sensa ya 2022 Dar tulihesabiwa milioni 5.38, nahisi wote wamepita kwa huyu jamaa. Ila kucheka? Mbele ya mama ntilie ninayemdai chenji?

Mkokoteni: Dagaa ulikula au hukula? Jibu swali.

Binti wa Temeke: Laki masta Sinza, hata mi nimecheka na huyo dalali simjui. Nenda Chanika mdogo wangu, kuna hewa.

Mleta uzi: Chanika niamke saa tisa usiku? Halafu ALISHIKA TUMBO.

Kibanda Umiza: Chai hii. Dalali wa elfu 20 yuko wapi? Wa kwetu 30 na anakuonyesha geti tu.

Babu Ilala: Vijana, 1971 Mwalimu Nyerere alitaifisha majumba yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Dalali angemcheka nani?

Kibanda Umiza: Shikamoo babu. Nyie mkapewa nyumba, sisi mmetuachia pazia.

Mama Goba: Bora nyie mnalilia vyumba, huku bomba linapiga miluzi wiki ya pili, mwenye boza anauza maji kama soda na simu hapokei.

Mtoto wa Mbagala: Maji tena? Mi asubuhi nimeingia daladala kwa dirishani, kiatu kimoja kimebaki nje.

Binti wa Temeke: Cha mguu gani? Mleta uzi soli imembanduka, mtafutane inbox.